Malori 38, skrini tano: nilivyochelewa kuidai data ya magari yetu

Asubuhi ile Babu, kama tunavyomwita dereva wetu wa siku nyingi, alifika kabla yangu. Alikuwa amekaa kwenye benchi la nje ya ofisi, begi lake la safari miguuni, akisubiri kupangiwa mzigo. Nilimwamkia shikamoo kama siku zote, akaitikia marahaba, kisha nikamwita ndani na kumwekea mezani karatasi iliyotoka kwenye mfumo wa kufuatilia magari. Ilisema kwamba usiku alipolala Ruaha Mbuyuni, injini ikiwa imezimwa, tangi lake lilipungua lita 74 ndani ya dakika 40.

Aliisoma polepole. "Dada, mimi nililala humo humo ndani ya gari. Tangi lina kufuli, na ufunguo nilikuwa nao mfukoni. Hakuna aliyeligusa."

Nilimjibu kwamba mashine haina sababu ya kumsingizia mtu. Nikampa barua ya kusimamishwa kazi bila mshahara. Alikuwa ametutumikia miaka 19.

Naandika haya kwa yeyote anayesimamia malori, mabasi au hata pikapu za kusambaza bidhaa, ambaye leo au kesho atafikiwa na kijana mwenye laptopu amwonyeshe ramani yenye vidoti vya kijani vinavyotembea barabarani. Mimi nilionyeshwa ramani hiyo nikaamini kazi imekwisha. Ilinichukua karibu miaka mitatu kuelewa kwamba nilichonunua ni ruhusa ya kutazama tu. Data yenyewe ilikuwa kwa watu wengine, kila mmoja ameiandika kwa namna yake, na sisi wenye magari tukaachwa tukibishana juu ya namba ambazo hatukujua zilikotoka.

Kampuni yetu ni ya familia, yadi iko Dar es Salaam. Tunabeba mizigo ya bandarini kwenda Zambia na Kongo: Chalinze, Morogoro, Iringa, Makambako, Mbeya, Tunduma, halafu Kapiri Mposhi, Kasumbalesa mpaka Lubumbashi, mara nyingine Kolwezi. Tuna vichwa vya malori 38. Baadhi ni vya Ulaya vilivyonunuliwa vipya, baadhi ni vya Ulaya vilivyotumika, na karibu nusu ni vya Kichina. Mchanganyiko huu ni wa kawaida kwa kampuni za ukubwa wetu, na ndiyo chanzo cha nusu ya mambo nitakayoyaeleza.

Kifaa cha kwanza tulikifunga kwa ajili ya wizi wa mafuta. Baadaye mteja mmoja wa migodini akataka magari yanayobeba mzigo wake yawe na kifaa chake mwenyewe. Malori mapya ya Ulaya yalikuja na mfumo wa kiwandani ambao una tovuti yake. Mizigo ya transiti inafungwa lakiri ya kielektroniki ya mamlaka ya mapato. Mwisho tukaongeza vifaa vya kampuni ya pili kwenye magari ya Kichina kwa sababu vya kampuni ya kwanza vilishindwa kusoma injini zake. Kwa hiyo kuna lori lililokuwa likitembea na vifaa vinne kwa wakati mmoja, vyote vikinyonya betri, na mezani kwangu palikuwa na skrini tano, kila moja na nywila yake. Kila jioni binti wa ofisini alikaa mpaka saa mbili usiku akinakili namba kutoka skrini moja hadi nyingine kwenye Excel ili kesho yake bosi apate ripoti moja.

Ripoti hiyo ndiyo iliyonifungua macho, kwa sababu haikukubali kujumlishika.

Nianze na saa. Tukio moja lilitokea Tunduma saa tatu asubuhi. Mfumo wa kwanza uliandika 09:00, kwa saa za Tanzania. Wa mteja, uliopangwa kwa saa za Zambia, uliandika 08:00. Wa kiwandani ulitumia saa ya dunia, UTC, ukaandika 06:00. Na dereva kwenye kitabu chake aliandika 3:00, kwa kuwa kwake hiyo ni saa tatu, na hakuna mtu mwenye haki ya kumwambia amekosea. Namba nne kwa dakika ile ile. Kuna madai ya tozo ya kuchelewesha gari tuliyapoteza kwa sababu ushahidi wetu ulionyesha lori limeondoka ghalani kabla halijafika. Mwanasheria wa mteja aliishika karatasi ile kwa vidole viwili akauliza kama tunataka kuendelea. Hatukuendelea.

Hapo nilijifunza jambo dogo ambalo ningemwomba kila mtu alifanye siku ya kwanza: hifadhi kila kitu kwa UTC, kisha skrini ndiyo igeuze kwenda saa ya msomaji. Na uweke nyakati mbili kwa kila rekodi, wakati tukio lilipotokea na wakati taarifa ilipoifikia seva. Ukipita hifadhi ya Mikumi au sehemu za kaskazini mwa Zambia mtandao hukatika, kifaa kinatunza rekodi kichwani, kikipata mtandao kinazimwaga zote kwa mkupuo. Mfumo unaoandika saa ya kufika tu utakuambia lori lilikaa sehemu moja kwa muda wa saa nne halafu likaruka kilomita 200. Dereva ataonekana alilala njiani, na mwenzangu, ukishaanza kumgombeza mtu kwa jambo asilolifanya, hutazipata tena taarifa za kweli kutoka kwake.

Jambo la pili lilikuwa majina. Namba ya usajili ya lori moja iliandikwa na nafasi kwenye mfumo huu, bila nafasi kwenye ule, na kwenye wa mteja ilikuwa namba ya tela badala ya kichwa. Tela tunazibadilisha kila safari. Kwa miezi minane kilomita za vichwa viwili zilikuwa zinaingia kwenye hesabu ya kimoja, tukakipeleka kubadilishwa oili kabla ya wakati huku mwenzake akipitiliza. Sasa kila gari tunalitambua kwa namba ya chesisi ya herufi na tarakimu 17. Namba hiyo kwa kanuni haitumii herufi I, O wala Q, kwa hiyo ukiona O kwenye orodha yako jua mtu alikosea kunakili sifuri. Tulikuta makosa kama hayo sita kwenye magari 38.

Halafu zikaja namba za ajabu. Lori moja la Kichina lilionyesha tangi limejaa kwa asilimia 102, wiki nzima, likitembea au limesimama. Lingine lilionyesha maji ya rejeta yana nyuzi 215 za Selsiasi. Nilimpigia simu dereva kwa hofu nikamwambia asimame mara moja. Akasimama Mlandizi juani, akafungua boneti, kila kitu kilikuwa salama. Kampuni ya vifaa iliniambia ni sensa mbovu, tukanunua sensa mpya mbili. Namba hazikubadilika.

Aliyenifafanulia ni fundi umeme mmoja wa Mbeya, kijana mtulivu, niliyemlipa chai tu kwa somo lililonisaidia kuliko semina yoyote. Alisema hivi. Ndani ya lori, injini, giaboksi, breki na dashibodi vinaongea kwa waya mbili zilizosokotwa pamoja. Lugha yao kwenye magari makubwa inaitwa J1939, ilitungwa na chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, SAE. Kila kipimo kina namba yake kwenye lugha hiyo: kiwango cha mafuta kwenye tangi ni 96, joto la maji ya injini ni 110, jumla ya umbali ni 245, jumla ya mafuta yaliyochomwa na injini tangu ilipozaliwa ni 250. Kipimo kinatumwa kama tarakimu tupu, na anayepokea ndiye anayejua azidishe kwa ngapi. Kiwango cha tangi huzidishwa kwa 0.4. Joto hupunguzwa 40. Na kama gari halina kipimo hicho, halinyamazi, linatuma 255, yaani "sina". Zidisha 255 kwa 0.4 upate 102. Toa 40 kwenye 255 upate 215.

Gari lilikuwa linatuambia kwa uaminifu kwamba halina taarifa hiyo, na programu tuliyoilipia ilikuwa inaligeuza jibu hilo kuwa namba. Sensa mbili tulizonunua ziko kabatini mpaka leo.

Baada ya somo hilo nilianza kuuliza maswali mengine, na swali lililonikaa kooni lilikuwa la Babu. Kama asilimia 102 ilikuwa uongo, zile lita 74 je?

Lori lake lina matangi mawili, kushoto na kulia, yaliyounganishwa kwa bomba chini, na geji iko kwenye moja tu. Nilimweleza fundi wetu wa yadi. Hakusema neno. Alichukua lori la aina ile ile, akapandisha magurudumu ya upande wenye geji juu ya mbao nene, akazima injini, tukakaa tukitazama kwa kompyuta. Mafuta yalihama taratibu kwenda tangi la upande wa chini. Kwa dakika 35 mfumo ulionyesha upungufu wa lita 60 na ushee, na simu yangu ikalia: "Wizi wa mafuta." Tulikuwa watu wanne tumelizunguka lori hilo na hakuna hata tone lililotoka.

Ruaha Mbuyuni malori huegeshwa pembeni mwa barabara, upande mmoja chini. Alfajiri Babu alipoliwasha na kuanza kupanda mlima Kitonga mafuta yalirudi yalikotoka, lakini mfumo ulikuwa umepangwa kutohesabu ongezeko la mafuta gari likiwa kwenye mwendo, kwa sababu mafuta hutikisika milimani. Ulinasa kupungua, ukapuuza kurudi.

Kilichoniumiza zaidi ni kwamba ushahidi wa kumsafisha ulikuwepo muda wote. Kipimo namba 250, lita zilizopita kwenye injini, hakijali lori limeinama wapi. Kifaa kilichofungwa kwenye lori la Babu kilikuwa kinakisoma na kukituma kwenye seva kila siku. Hatukukiona kwa sababu tulikuwa na "kifurushi cha msingi", na kipimo hicho kilikuwa kwenye kifurushi cha juu. Nilipoomba nipewe cha safari ile moja tu, nikajibiwa nilipie nyongeza ya shilingi 18,000 kwa gari kwa mwezi kwa magari yote, na kwamba kumbukumbu zinatunzwa siku 90. Zilikuwa zimebaki siku 11 kumbukumbu ya safari ile ifutwe. Nililipa. Sikusubiri idhini ya bosi.

Babu aliondoka Dar matangi yakiwa yamejaa mpaka shingoni, na alipofika Tunduma alijaza tena mpaka shingoni. Risiti ya Tunduma ni lita 446. Injini ilikuwa imechoma lita 441.5. Lita nne na nusu ni povu na joto. Lita 74 hazikuwa na mahali pa kutoka.

Alikuwa nyumbani wiki sita. Nilikwenda kwake mwenyewe na kaka yangu, tukamlipa mshahara wake wote na posho za safari alizokosa, na Jumatatu iliyofuata nilisimama mbele ya madereva yadini nikaeleza kilichotokea bila kuficha. Babu aliomba jambo moja tu: kuanzia siku ile, namba zozote zitakazomhusu azione yeye kwanza kabla hazijafika mezani kwa mtu mwingine. Tulikubali, kwa madereva wote.

Hapo ndipo nilipoacha kununua vifaa, nikakaa chini kuandika tunataka nini. Ningefanya hivyo mwanzo, ningeokoa pesa nyingi. Kifaa na kukifunga vilitugharimu shilingi 420,000 kwa gari, mara magari 38 ni 15,960,000, na kwa magari zaidi ya nusu tulilipa mara mbili.

Tuliita karatasi hiyo kamusi. Ina mistari 23, na kila mstari ni kipimo kimoja: jina lake kwa Kiswahili, uniti, kinatoka wapi ndani ya gari, kinasomwa kila baada ya muda gani, na kikikosekana kiandikwe nini. Kwetu kikikosekana kisanduku kinabaki kitupu. Sifuri hairuhusiwi kusimama badala ya "haijulikani". Nilidhani ni kazi ya siku mbili. Ilichukua wiki tano, kwa kuwa kila neno lilikuwa na ubishi ndani yake. Chukua kuunguruma gari likiwa limesimama. Mfumo mmoja unaanza kuhesabu baada ya dakika mbili, mwingine baada ya tano, na mmoja ulikuwa unahesabu hata foleni ya mzani wa Vigwaza, ambako dereva hana uwezo wa kuzima na kuwasha kila mita kumi. Chukua umbali. GPS huchezacheza gari likiwa limeegeshwa, ukiliacha wiki moja kwenye foleni ya mpakani Kasumbalesa inakuongezea kilomita ambazo hakuna tairi iliyozitembea. Umbali wa magurudumu nao unadanganya kidogo ukibadilisha saizi ya tairi bila kurekebisha mita. Tuliamua umbali wa gari ndio wa malipo na matengenezo, GPS ni ya mahali, na kila baada ya miezi mitatu tunavilinganisha kwenye kipande cha barabara tunachokijua.

Chukua hata wastani wa mafuta. Madereva wetu wanahesabu lita kwa safari. Gereji inahesabu kilomita kwa lita. Mfumo wa kiwandani unaandika lita kwa kilomita 100. Binti wa ofisini alikuwa anachukua wastani wa kilomita kwa lita za kila gari kisha anatafuta wastani wa wastani, na jibu lilikuwa linapendelea magari yaliyorudi matupu. Sasa tunajumlisha lita zote, tunajumlisha kilomita zote, ndipo tunagawanya, na safari ya mzigo na ya tupu zinakaa mbali.

Tulipomaliza ndipo tukagundua hatukuhitaji kubuni kila kitu. Mwaka 2002 watengenezaji wakubwa wa malori wa Ulaya, wakiwemo Daimler, MAN, Scania, Volvo, DAF na Iveco, walikubaliana kiwango kinachoitwa FMS: mlango mmoja ndani ya lori unaotoa vipimo vilevile kwa mpangilio uleule bila kujali nembo ya mbele. Vipimo vyake ni sehemu ya ile lugha ya J1939, na mlango huo umetenganishwa na mfumo wa ndani ili kifaa cha nje kisiweze kuvuruga injini au breki. Baadaye wakaongeza rFMS, ambayo seva yako inaomba data kwa seva ya mtengenezaji bila kugusa waya hata mmoja. Malori yetu kadhaa yaliyotumika yalikuwa na mlango wa FMS tangu siku yalipotoka kiwandani. Hatukuwahi kuuliza. Tulikuwa tumeyakata wayaringi bure.

Na wayaringi ndiyo ilinigharimu kilio kingine. Fundi wa kampuni ya vifaa alichuna waya za mawasiliano za lori jipya, akaunga kifaa ambacho, pamoja na kusikiliza, kilikuwa kinauliza maswali kwenye waya. Baada ya siku tatu taa za dashibodi zikaanza kuwaka ovyo na ritada, ile breki ya ziada ya mteremkoni, ikawa inakataa kufanya kazi, kwenye mteremko. Dereva alishuka kwa gia na kwa rehema za Mungu. Wauzaji wa lori walipoona waya zilizochunwa walikataa dhamana, na sikuwa na hoja. Ukilazimika kufunga kifaa kwenye lori lisilo na mlango wa FMS, tumia kibanio kinachosoma juu ya ganda la waya bila kulichuna, na uandikiwe kwenye mkataba kwamba kifaa kimewekwa kusikiliza tu. Fundi wako naye apime kabla na baada: betri ikiwa imechomolewa, kati ya zile waya mbili asome ohmu 60 hivi, kwa kuwa kila mwisho wa waya una kizuizi cha ohmu 120, na viwili vikipimwa pamoja hutoa nusu yake. Akisoma tofauti kubwa, gari lisitoke yadini.

Mkataba ndio uliotuchosha kuliko vyote. Kampuni tuliyokuwa tunaiacha ilitupatia historia ya miaka miwili kwa PDF, mamia ya kurasa ambazo hakuna programu inayoweza kuzisoma vizuri. Kisheria walitimiza walichoahidi, kwa sababu tulichosaini kilisema "ripoti". Mwanasheria alitutoza milioni moja na nusu, na kifungu alichotuandikia nakiweka hapa kwa maana yake, mtu akichukue: taarifa ghafi zote zinazotoka kwenye gari, pamoja na zisizoonyeshwa kwenye skrini, ni za mwenye gari, atazipata wakati wowote kwa njia ya programu kwa programu au kwa faili la CSV (jedwali la maandishi tupu ambalo programu yoyote inalisoma), zitatunzwa miezi 24, mkataba ukivunjika atakabidhiwa zote ndani ya siku saba pamoja na maelezo ya kila safu na uniti yake, na hazitauzwa wala kupewa mtu wa tatu bila maandishi yake. Watoa huduma watatu kati ya watano tuliowaita waliishia hapo hapo. Wawili walikubali. Usiwafukuze wale watatu kwa hasira, lakini usisaini nao.

Kabla ya kusaini, omba pia siku 14 za majaribio kwa magari matatu tofauti, jipya, la zamani na la Kichina, na udai faili ghafi, usikubali picha za skrini. Ukiona mahali popote 102, 215 au joto la nyuzi 40 chini ya sifuri, waulize wenyewe wanalielezaje. Jibu lao litakuambia kama wanaijua kazi.

Kwa wenye malori ya Ulaya kuna jambo linalofaa kufuatiliwa. Umoja wa Ulaya una Sheria ya Data iliyoanza kutumika tarehe 12 Septemba 2025, inayompa mtumiaji wa kifaa kilichounganishwa na mtandao, magari yakiwemo, haki ya kupata data inayotokana na matumizi yake na kuagiza ipewe mtu mwingine anayemtaka. Haitufungi huku. Lakini inasaidia kujua swali la kumuuliza wakala kabla hujalipa: mwenzangu wa Ulaya anapewa nini ambacho mimi sipewi?

Na kuna upande ambao wenye magari tunausahau kwa haraka ya kudai haki zetu. Data ya lori ni data ya mtu aliye ndani yake. Inaonyesha alipolala, aliposimama kuswali, alipopita kumwona mama yake Makambako. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na mahali alipo dereva ni taarifa yake binafsi. Tuliandika ukurasa mmoja wa Kiswahili unaosema tunachokusanya, kwa nini, nani anaona na kwa muda gani, kila dereva akausoma na kusaini. Lori likiwa limeegeshwa na dereva yuko mapumzikoni, ni watu wawili tu wanaoweza kulitazama. Hakuna barua ya nidhamu inayoandikwa kwa kipimo kimoja. Lazima vipimo viwili visivyotegemeana vikubaliane, na dereva awe ameshasikilizwa.

Hali ilivyo leo: skrini zimebaki mbili, yetu na ya mteja wa migodini aliyekataa kupokea data kutoka kwetu. Nimemwandikia tena mwezi huu. Data ya magari yote inaingia mahali pamoja kwa kamusi moja. Kijana aliyetuandikia programu ya kuunganisha alilipwa milioni mbili na laki nne, na binti wa ofisini anatoka kazini saa kumi na moja jioni. Magari manne ya Kichina bado hayatoi lita za injini kwa njia yoyote tunayoiamini, na kwenye ripoti visanduku vyake ni vitupu. Bosi hakuvipenda visanduku hivyo. Ameanza kuvizoea.

Kila Jumatatu karatasi za safari zinabandikwa kwanza chumba cha madereva. Babu huvaa miwani, anapitisha kidole kwenye safu ya lita za injini na safu ya risiti, si za gari lake peke yake, za wote. Wiki iliyopita alikuja ofisini na alama moja ya kalamu nyekundu. "Dada, hii ya kijana wetu, msimwandikie barua bado. Vocha ya Makambako mmeiingiza mara mbili."

Nilifungua faili. Ilikuwa imeingizwa mara mbili.